Timiro Gelle, Mlezi wa Holub

Mtaani Bulla Iftin, mjini Garissa, Timiro Gelle alijulikana kwa mambo mawili: alizungumza na redio, na hakuwa ameolewa. Hilo la kwanza watu walilizoea. La pili ndilo lililowasumbua, maana mwanamke anayekaribia miaka thelathini, mwenye mshahara wake na sura isiyochukiza, ilikuwaje akae na shangazi yake mwaka nenda mwaka rudi?

Alizaliwa Tarbaj, mbali kaskazini, katika nyumba ya fito na mikeka ambayo ngamia mmoja aliweza kuibeba wakati wa kuhama. Ukame wa miaka ya themanini ulimaliza mifugo ya baba yake, na baada ya mifugo mzee mwenyewe hakudumu. Mama alikuwa ametangulia zamani. Ndipo Arbia, dada yake marehemu baba, alipopanda lori la mbuzi kutoka Garissa akaja kumchukua. Arbia aliuza maziwa ya ngamia sokoni. Yeye hakuwahi kukanyaga darasa, lakini alimtia Timiro shuleni, na walimu walipomwambia mtoto ana kichwa, aliuza bangili zake ili binti akasomee ukarani na kompyuta Nairobi. Timiro alimwita eedo, yaani shangazi wa upande wa baba, na moyoni hakuwa na mama mwingine.

Aliporudi Garissa, vita vya Somalia vilikuwa vimemwaga wakimbizi mpakani, na mashirika ya misaada yalijaa mjini. Shirika moja lilitafuta msichana ajuaye Kisomali, Kiswahili na Kiingereza, awe mtu wa redio. Timiro akapata kazi.

Chumba cha redio kilikuwa nyuma ya ghala, paa la mabati, feni moja iliyozunguka kwa uvivu. Nje, waya wa antena ulitandazwa kati ya nguzo mbili, na makorongo walipenda kutua juu ya nguzo hizo na kuangalia mji kama wazee wasioridhika. Kila asubuhi Timiro alishika kipaza sauti akaita vituo vya mbali kimoja baada ya kingine.

"Lafey, Lafey, hapa Garissa. Unanipata?"

"Nakupata, Garissa. Habari ya huko?"

Kisha Kutulo, kisha Tarbaj, ambako alipasikiliza kwa sikio la ziada. Siku hizo chumba kilikuwa na benchi refu, na benchi halikukosa watu. Madereva, maafisa wa mifugo, akina mama wenye waume vituoni, wote walikaa pale wakingoja zamu ya kuzungumza. Walileta chai na kumsimulia mambo yao. Kabla ya adhuhuri Timiro alikuwa amesikia habari za mkoa mzima.

Halafu ikaja kompyuta. Shirika lilileta kisanduku cha kuunganisha kompyuta na redio, ili barua pepe zipite hewani mpaka ofisi ya Nairobi. Watu walishangilia. Sasa hawakuhitaji kungoja wala kupaza sauti. Waliandika, wakamwachia Timiro karatasi au disketi mezani, wakaenda zao. Kwa miezi michache tu benchi likabaki tupu. Hakuna aliyelipanga hilo. Timiro mwenyewe alikuwa wa kwanza kuisifia mashine, na aliyetambua mwisho kwamba siku nzima inaweza kupita bila mtu kumwambia neno zaidi ya salamu.

Aliyebaki kuchungulia mlangoni ni Mahat, dereva mzee wa shirika. "Abaayo," humwambia, akimwita dada, "hiyo barua bebe yako imekula ulimi wa watu. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, Mahat."

"Uongo," hujibu Mahat, na kuondoka kwenda kuliwasha gari lake.

Fundi wa mitambo aliitwa Siyad. Alikaa Nairobi na kuja Garissa mara moja moja. Katika safari mojawapo, alipomaliza kazi yake, alitoa bunda la disketi lililofungwa kwa mpira na kuliweka mezani.

"Hizi ni zawadi. Ni programu huru. Mojawapo inafanya kazi ile ile ya hii mnayotumia, kupitisha barua kwa redio. Inaitwa Holub."

"Huru maana yake ni bure?"

"Bure ni sehemu ndogo tu. Huru. Unaruhusiwa kuifungua uone ilivyoandikwa, uibadilishe ikufae, umpe na mwenzako. Mwenyewe amekwisha kukupa ruhusa kabla hujaiomba. Wako watu wengi duniani wanaoandika namna hiyo siku hizi, wana viongozi wao na mabishano yao."

"Na huyo aliyeiandika anapata nini?"

Siyad alicheka. "Muulize. Anwani yake imo humo ndani."

Timiro aliziweka disketi kwenye droo na kuzisahau.

Mwishoni mwa mwaka wa tisini na saba mvua zilinyesha kama mtu aliyekosewa. Mto Tana ulivunja kingo, mashamba ya ndizi yakazama, barabara ya Nairobi ikakatika, na Garissa ikawa kisiwa. Baada ya maji ukaja ugonjwa. Mbuzi na kondoo walitupa mimba kwa makundi, ngamia wakafa wamesimama, kisha watu wakaanza kushikwa na homa, wengine wakitokwa damu. Kila kituo kilileta habari mbaya, na kila habari ilipaswa kufika Nairobi upesi ili dawa na ndege zipatikane.

Katika majira hayo hayo radi ilipiga karibu na ghala, na kompyuta ya redio ikafa. Timiro alitoa ya akiba, akaipandishia programu ile ya barua, iliyonunuliwa na shirika, nayo ikagoma. Iligundua kuwa mashine si ile ya mwanzo, ikadai namba mpya ya kuifungulia. Ofisi ya Nairobi ilipiga simu kwa waliouza, ng'ambo. Wakajibiwa kwa adabu kwamba namba itatumwa pamoja na kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, kwa kifurushi. Kifurushi kilifika Nairobi na kukaa hapo, maana hakikuweza kuogelea.

Basi Timiro akarudia kipaza sauti. Alisoma ripoti nzima kwa mdomo, majina ya dawa herufi kwa herufi, na mtu wa Nairobi akamrudishia makosa kwa sababu ya kelele za mvua. Sauti ilimkauka. Siku moja alisikia kituo cha Tarbaj kikitaja majina ya waliokufa, na kati ya majina lilikuwamo la mtu aliyewahi kumbeba mgongoni alipokuwa mtoto. Aliliandika kama mengine, akaita kituo kinachofuata.

Kesho yake alifungua droo.

Kwa asubuhi kadhaa Siyad alimwongoza hewani, hatua kwa hatua, mpaka Holub ikaamka kwenye mashine ya akiba. Haikudai namba wala kuuliza mashine hii ni ya nani. Barua fupi zilipita vizuri. Lakini ripoti ndefu zilimtesa: zikifika karibu na mwisho, radi inanguruma, mawimbi yanakatika, na Holub inaanza kutuma upya toka neno la kwanza. Ilikuwa kama kuteka maji kwa ndoo iliyotoboka. Unavuta kamba mpaka mikono inauma, na ndoo inafika juu haina kitu.

Anwani ya mwandishi ilikuwa mle ndani kweli. Timiro alimwandikia barua fupi kwa Kiingereza, akijieleza yeye ni nani na yuko wapi, na shida ni ipi. Jibu lilikuja baada ya siku mbili.

Mwandishi aliitwa Pavol. Alikuwa mzee, fundi mstaafu wa mitambo ya reli huko Slovakia, na Holub lilikuwa neno la lugha yao, maana yake njiwa. "Kasoro hiyo naijua," aliandika. "Mimi hapa nina waya wa simu, kwa hiyo hainiumi sana. Anayeumia ni wewe, basi wewe ndiye wa kuitibu. Nitakuonyesha mahali pa kuanzia. Usiogope kuharibu. Kilichoandikwa na mtu huandikika tena."

Chuoni Timiro alikuwa ameonjeshwa tu uandishi wa programu, kama mtu anayeonjeshwa mchuzi kwa ncha ya kidole. Sasa alilazimika kula sahani nzima. Alisoma maandishi ya Pavol mstari baada ya mstari, akamwuliza maswali ambayo aliyaonea aibu, naye mzee akayajibu yote bila haraka. Siku moja alivuruga kila kitu, mawasiliano yakakatika asubuhi nzima, na meneja akasimama mlangoni akimfokea mbele ya wapagazi. Timiro aliomba msamaha, akarudisha yaliyokuwapo, kesho yake akajaribu tena.

Alichotaka ni jambo jepesi kulisema: redio ikikatika, Holub ikumbuke ilipofika, na mawimbi yakirudi iendelee kutoka pale pale. Siku alipofaulu, ripoti iliyokuwa ikitumwa ilikuwa ya Tarbaj, ndefu, ya mifugo iliyokufa. Mawimbi yalikatika katikati. Timiro akashika pumzi. Mawimbi yakarudi, na Holub ikashika njia yake kutoka ilipoachia, mpaka mwisho, mpaka Nairobi ikajibu kwamba yote yamefika. Timiro akapiga kofi, akageuka kwa furaha kumwambia mtu.

Benchi lilikuwa tupu. Nje Mahat hakuwapo. Akageuka tena, akamwandikia Pavol.

Mzee alifurahi kama mtoto wa shule. Aliitia kazi ya Timiro ndani ya Holub ili watu wote waipate, akamtaka aandike jina lake pamoja na waliochangia. Timiro alisita. Jina la mwanamke, lisambazwe duniani kwa watu asiowajua? Akaandika herufi moja na jina la baba: T. Gelle.

Kumbe Holub ilikuwa na watu wake. Walikuwa na baraza lao la barua, ambapo aliyeandika mmoja alisomwa na wote: daktari wa zahanati milimani Bolivia, baharia wa meli ya samaki, wamisionari wa kisiwa fulani, vijana wa vyuo. Baada ya maji kupungua na barabara kufunguliwa, kifurushi kilifika hatimaye, na meneja akasema Holub ibaki, maana inafanya kazi. Kutoka pande zote zikaja barua za shukrani kwa Bwana Gelle. Bwana Gelle, umetuokoa. Bwana Gelle, je, unaweza kutazama na kasoro hii? Timiro alitazama. Alirekebisha moja, kisha nyingine. Pavol peke yake ndiye aliyejua Bwana Gelle ni nani, maana ile barua ya kwanza ilikuwa na jina lake lote.

Waliandikiana kila juma. Pavol alikuwa mjane, akaaye na paka mmoja katika mji ulio chini ya milima ya theluji. Aliuliza habari za ngamia: kweli hawanywi maji majuma mazima? Timiro naye aliuliza theluji inanukaje. Siku moja akakumbuka swali lake la zamani, akamwuliza anapata nini kwa kugawa kazi yake hivi.

"Nilipokuwa kijana relini," Pavol alijibu, "mtambo ukiharibika tuliufungua. Siku zikaja mitambo ikawa na vifuniko visivyofunguka, na waliotuuzia wakasema msiguse. Nilijiona kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Nikaandika yangu, nikaacha mlango wazi. Ninachopata ni kwamba wewe umeingia."

Timiro aliisoma barua hiyo mara nyingi. Alitamani kumtafsiria mtu. Jioni alijaribu kumweleza eedo Arbia, lakini kila alipoanza, ilimbidi kwanza aeleze programu ni nini, na kabla ya hapo kompyuta ni nini, na eedo alikuwa amechoka kwa jua la sokoni.

"Alhamdulillahi," eedo alisema, "mradi kazi yako inapendwa." Kisha akamweleza juu ya mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe aliyeuliza habari zake. Timiro akainamisha kichwa akapuliza chai yake.

Katikati ya mwaka wa tisini na nane barua za Pavol zikaanza kufupika. Alisema ni kifua tu. Halafu akasema si kifua tu. Akamwomba Timiro aichukue Holub, awe mlezi wake: apokee marekebisho ya watu, aamue lipi liingie na lipi likae nje, atoe toleo jipya wakati wake ukifika.

"Siwezi," Timiro alimjibu. "Niko Garissa. Redio yangu inasikika vizuri asubuhi tu."

"Nimekwisha kuwatangazia," aliandika Pavol. "Nisamehe. Nilijua ungekataa."

Barua iliyofuata haikutoka kwake. Iliandikwa na binti yake, kwa Kiingereza cha kubahatisha, mistari michache: baba amefariki hospitalini, alisema lazima uambiwe. Ilifika pamoja na barua za mahindi na mafuta ya kupikia. Timiro aliisoma, akapanga zile nyingine kwa wenyewe, akashika kipaza sauti, maana muda wa Lafey ulikuwa umefika.

"Nakupata, Garissa. Sauti yako ina mafua leo?"

"Ni vumbi," alisema. "Endelea, Lafey."

Alasiri alikwenda sokoni. Eedo Arbia alikuwa ameketi na wauza maziwa wenzake chini ya turubai, vibuyu na madumu mbele yao. Timiro alichuchumaa kando yake.

"Eedo, rafiki yangu amefariki."

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Nani? Wa kwa nani?"

"Huku hana watu. Ni mzee wa Ulaya."

"Alifanya kazi kwenu?"

"La. Hatukuwahi kuonana."

"Mlizungumza kwenye redio?"

"Hata sauti yake sikuwahi kuisikia. Tulikuwa tukiandikiana."

Eedo alimtazama. Macho yake hayakuwa na karipio. Alikuwa akitafuta mahali pa kuliweka jambo lenyewe, asipate. "Alikuwa Mwislamu?"

"Hapana."

"Ameacha watoto?"

"Binti mmoja."

"Basi huyo ndiye wa kupewa pole. Mwandikie leo hii, usingoje." Kisha, jambo asilolifanya kamwe kabla ya magharibi, alifunika madumu yake. Wenzake waliuliza kulikoni, naye akawaambia, "Binti yangu amefiwa na mwenzake wa kazi." Wanawake wakamsogelea Timiro, wakamwombea subira, mmoja akamshika mkono, mwingine akamimina chai yenye maziwa mengi.

Alikunywa chai ile huku machozi yakimtoka. Walimpa walichokuwa nacho, na kilikuwa kingi. Lakini waliyemlilia pamoja naye alikuwa mwenzake wa kazi fulani, mtu wa kubuni, aliyewekwa pale ili mambo yaeleweke. Pavol mwenyewe hapakuwa na wa kumlilia Garissa ila yeye.

Barazani nako mambo yalikwenda mrama. Baada ya salamu za rambirambi, mtu mmoja wa chuo kikuu, ambaye wengi walimsikiliza, aliandika kwamba Holub haiwezi kuachwa mikononi mwa mtu asiyejulikana, tena ambaye, kwa jinsi barua zake zinavyokuja, hata mtandao wake ni wa asubuhi tu. Hakutukana, na alisema jambo ambalo Timiro mwenyewe alikuwa amemwambia Pavol. Wengine wakamtetea: Bwana Gelle ni mtu wa kuaminika, Bwana Gelle hakosi kujibu. Kila "Bwana" aliloliona lilimchoma. Walikuwa wakimpigania mtu ambaye hakuwapo.

Wakati huohuo shirika lilitangaza kufunga ofisi yake ya Garissa. Mafuriko yamepita, walisema, na wafadhili wameelekea kwingine. Katika juma la mwisho Timiro aliandika barazani kwa mara ya kwanza kwa jina lake lote.

"Mimi si bwana. Ninaitwa Timiro Gelle, ni mwanamke, ninakaa Garissa, Kenya. Redio ninayotumia kuwaandikia inang'olewa juma hili, na sijui nitawafikia vipi baada ya hapo. Pavol aliniachia Holub. Sikuiomba, lakini sitaki kuitupa. Nitafanya niwezavyo, polepole. Anayeona polepole haimfai, ruhusa anayo, Pavol alimpa kama alivyonipa mimi."

Akaituma. Ilipita bila kukatika. Kesho yake mafundi walikuja na ngazi, wakakunja waya wa antena, makorongo wakaruka. Majibu, kama yalikuwapo, yalibaki huko yaliko.

Wafanyakazi waliachiwa vitu vya ofisi. Mahat alichukua meza. Timiro alichukua kompyuta ya akiba, na Mahat akaibeba mpaka kwao Bulla Iftin kwa safari ya mwisho ya lile gari. Aliishusha taratibu, akaifuta vumbi kwa kilemba chake.

"Abaayo," alisema, "sijui ulikuwa ukisema na nani siku zote hizo. Ila nilikuwa nikikuona ukicheka peke yako, nikajua ni mtu mzuri."

Hakuna aliyewahi kumwambia neno lililoukaribia ukweli zaidi. Timiro alitaka kumjibu, lakini mzee alikuwa amekwisha kuingia ndani ya gari.

Majuma yalipita kabla hajapata nafasi ya kwenda Nairobi. Alipanda basi la alfajiri, likangoja askari wa kulisindikiza kama ilivyokuwa desturi kwa ajili ya majambazi, na jioni akateremka mtaa wa Islii, ambako Siyad alikuwa amefungua chumba chake cha kompyuta na mtandao juu ya duka la nguo. Siyad alimletea soda, akamkalisha mbele ya mashine, akajiondoa kwa heshima.

Barua zilikuwa nyingi. Wengine walimwomba radhi kwa kumwita bwana. Mmoja alidhani ni mzaha. Daktari wa Bolivia aliandika kwamba yeye pia ni mwanamke, na kwamba miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza. Timiro alisoma hiyo mara mbili. Na yule mtu wa chuo kikuu alikuwa ameichukua Holub yote kama ilivyo, akaipa jina jingine, akaanzisha yake pembeni. Zaidi ya nusu ya baraza walimfuata.

"Ana haki," Siyad alisema alipoonyeshwa.

"Najua ana haki. Angekuwa mwizi ningemkasirikia, nikapumua."

Barabarani chini mnada wa viatu ulikuwa ukipiga kelele. Timiro akaendelea kusoma. Chini ya mabishano, barua zikawa za kawaida: baharia anasema Holub inakataa majina marefu, zahanati inauliza kama inaweza kupanga barua za dharura zitangulie. Hawa hawakusema wamebaki wala wameondoka. Waliuliza tu, kama mtu anavyomwuliza jirani. Alianza kuwajibu mmoja mmoja mpaka Siyad akahitaji kufunga mlango.

Walipatana hivi: Timiro afanyie kazi Garissa kwenye ile kompyuta yake, aweke majibu kwenye disketi, ampe utingo wa basi, Siyad atume kutoka Islii, arudishe disketi na barua mpya. Timiro alikodi kibanda karibu na soko, akaweka humo kompyuta na printa, akapiga chapa maombi ya kazi, barua za machifu na vibali vya kusafirisha mifugo. Wateja wakipungua alifungua Holub. Yule mtu wa chuo kikuu alipofanya rekebisho zuri kwenye programu yake, Timiro alilisoma, akaona linafaa, akalichukua kama naye alivyoruhusiwa, akaandika wazi limetoka kwa nani. Hakupata neno kutoka kwake.

Ramadhani ya mwaka wa tisini na tisa iliangukia Desemba, wakati dunia nzima ilikuwa ikihofia kwamba kompyuta zitachanganyikiwa mwaka ukigeuka kuwa elfu mbili. Watu wa Holub waliuliza: je, njiwa atavuka? Timiro alipitia maandishi yote akiwa na saumu, midomo imekauka, feni ikisimama kila umeme ulipokatika. Alikuta mahali Pavol alipouandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, kando yake akiwa ameacha maneno ya kujitania: hili litarekebishwa na walio hai. Timiro alicheka kwa sauti, kibandani peke yake, kisha akalirekebisha. Toleo jipya lilipanda basi siku chache kabla ya mwaka kuisha.

Mwaka ulivuka. Garissa watu waliamka daku kama siku nyingine. Timiro hakuwa na njia ya kujua yaliyotokea kwa baharia wala zahanati, wala kwa wale waliofuata programu nyingine, ambao nao aliwahofia. Alingoja. Baada ya Idi utingo alimletea disketi. Aliitia kwenye mashine, akaifungua.

Ilikuwa na barua moja tu, ya Siyad mwenyewe. "Hakuna aliyeandika," ilisema. "Hata mmoja. Nilidhani mtandao umeharibika, nikaangalia, uko salama. Dada Timiro, watu huandika pakiharibika. Hongera."

Timiro alikaa akiitazama skrini. Mlangoni mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa akiuliza kama hapa ndipo wanapoandika barua za wilayani. Timiro akamwambia ndipo, karibu ndani, akamsogezea kiti, akatia karatasi safi kwenye printa na kumwuliza aanze na jina gani.